Maji Hayasemi Yote, Muulize Samaki

Kila aliyekulia kando ya mto anaujua utelezi wa mawe. Unakanyaga jiwe ukidhani limeshika, mguu unakuponyoka, ndoo inaanguka huku na wewe kule. Ukiligeuza jiwe hilo utakiona kilichokuangusha: utando mwembamba wa kijani, laini kama kamasi, umetanda upande wote unaopigwa na jua. Ukiukwangua kwa kucha unakuachia tope la kijani kidoleni. Tope hilo ni mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, imeshikamana na chembe za udongo zilizonaswa maji yakipita. Konokono wanaula utando huo, viluwiluwi wanaula, perege wanaukwangua, na usiku kambale anakuja kuwala waliokula.

Utando huo ndio mlango ambao vitu vyenye mionzi hupitia kutoka majini hadi kwenye sahani ya mtu. Maji ya mto yanaweza kupimwa yakaonekana hayana neno, na utando wa jiwe lililomo ndani ya maji hayo hayo ukakutwa na mionzi mara maelfu. Wanasayansi walilijua jambo hili zaidi ya miaka 70 iliyopita. Watanzania tuna sababu ya kulijua leo kuliko wakati wowote, maana Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Kabla hatujafika Namtumbo, tuanzie kwenye mto ambako somo hili lilipatikana.

Mto uliopitishwa ndani ya kinu

Mwaka 1943, katikati ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilitwaa ardhi kubwa mahali paitwapo Hanford, jimbo la Washington, kando ya mto Columbia. Ilitaka mahali pa siri, penye umeme mwingi na maji baridi mengi, ili itengeneze plutoniamu ya bomu la atomu. Kinu cha nyuklia cha kwanza cha hapo kiliwashwa Septemba 1944. Plutoniamu ya Hanford ndiyo iliyotumika katika bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945.

Urani ya kuendeshea mradi ule, sehemu yake kubwa, ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Iling'olewa ardhini kwa mikono ya wachimbaji wa Kiafrika, katika eneo ambalo hadi leo watu wake wanasalimiana kwa Kiswahili. Kwa hiyo habari ya mto Columbia, ingawa ni ya mbali, ina mkono wetu tangu mwanzo.

Kinu kinapofanya kazi hupata joto kali mno, na lazima kipozwe. Wahandisi wa Hanford walichukua njia ya mkato. Walivuta maji ya mto, wakayapitisha mara moja kwenye mirija iliyozunguka urani ndani ya kinu, wakayaacha kwa saa chache kwenye mabwawa ili yapoe, kisha wakayarudisha mtoni. Vinu vinane vilijengwa kwa mtindo huo, na cha mwisho kilizimwa mwaka 1971. Kwa zaidi ya robo karne, mto mmoja mkubwa wa Amerika ya Kaskazini ulikuwa ukiingia ndani ya vinu vya nyuklia na kutoka.

Maji yoyote ya mto yana madini yaliyoyeyuka ndani yake: fosforasi kidogo, zinki kidogo, kromiamu na mengineyo. Madini hayo yakipita ndani ya kinu hupigwa na chembe ziitwazo nyutroni na kugeuka kuwa yenye mionzi. Maji yaliyorudi mtoni yalibeba fosforasi-32, zinki-65, kromiamu-51 na aina nyingine nyingi, ila kwa kuwa Columbia ni mto mkubwa, yalichanganyika na kuwa mepesi sana. Aliyepima maji peke yake aliona namba ndogo.

Wakuu wa mradi walihofia usalama wa samoni, samaki wa thamani kubwa wanaopanda mto ule kila mwaka kutoka baharini. Mwaka 1945 mwanabiolojia wa samaki aitwaye Richard Foster alianzisha maabara pale pale Hanford. Alipanga mahodhi, akafuga humo samaki wadogo, akawa anayatia maji yaliyotoka kwenye vinu, mengine makali, mengine yamechanganywa na maji ya mto kwa viwango tofauti. Swali lilikuwa moja: samaki watakufa au hawatakufa?

Katika maji yaliyopunguzwa makali vya kutosha, samaki waliishi. Lakini Foster na wenzake hawakuishia kuhesabu waliokufa na waliopona. Waliwapima miili. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo kipimo cha maji kilikuwa kimelificha: samaki walikuwa na mionzi mara maelfu kuliko maji waliyoogelea.

Waliendelea kupima kila kilichoishi mtoni na kando yake. Takwimu zilizokuja kuchapishwa miaka ya 1950 na 1960 bado zinashtua. Mimea na vijidudu vinavyoelea majini vilikutwa na mionzi mara 2,000 kuliko maji. Samaki walikuwa nayo mara 15,000, na bata wanaokula humo mara 40,000. Makinda ya mbayuwayu, waliolishwa na wazazi wao wadudu waliozaliwa mtoni, walifikia mara 500,000. Kiini cha mayai ya ndege wa majini kilipita mara milioni moja. Na yote hayo yalitoka kwenye maji yaliyohesabiwa kuwa karibu hayana kitu.

Mwokota kuni

Ili kuelewa jambo hili, mfikirie mwokota kuni. Anaingia msituni asubuhi, na msitu ni mkubwa, vijiti vikavu viko vichache na vimetawanyika, huku kimoja, kule kimoja. Ukiuangalia msitu kwa haraka utasema hauna kuni. Lakini yeye anatembea siku nzima, anaokota na kuacha, na jioni anatoka na mzigo kichwani. Kuni za eneo zima zimekusanyika mahali pamoja, kwenye kamba moja.

Mmea wa majini ni mwokota kuni wa namna hiyo. Unahitaji fosforasi ili ukue, na fosforasi ya mtoni ni haba, kwa hiyo umeumbwa kuinyakua kila chembe inayopita. Haujui kama chembe iliyopita ina mionzi au haina, kwa maana kwa upande wa kemia zote ni fosforasi. Konokono akila utando wa jiwe anachukua mzigo uliokwisha kufungwa. Samaki akila konokono mia anachukua mizigo mia. Mayai ya ndege, ambayo lazima yawe na fosforasi nyingi ili kifaranga apate mifupa, hupokea kilichokusanywa na wote hao.

Ndiyo sababu kromiamu-51 haikuleta balaa hilo. Katika maji ya Columbia, kromiamu-51 ilikuwa nyingi kuliko fosforasi-32. Ndani ya samaki mambo yaligeuka, fosforasi-32 ikawa juu na kromiamu ikawa kidogo sana, kwa sababu mwili wa samaki hauna haja kubwa na kromiamu. Kiumbe hachukui kilicho kingi majini. Anachukua anachokihitaji, na kinachofanana na anachokihitaji. Kumbe aliyepima maji, hata kama alipima kwa uangalifu, alipata picha iliyopinduka.

Hata majira yalihesabika. Wakati wa baridi kali, samaki wa Columbia walikula kidogo na mionzi mwilini mwao ikashuka. Mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa na joto na samaki wakila sana, ilipanda hadi kileleni. Aliyewapima Januari na aliyewapima Septemba wangeweza kubishana siku nzima, na wote wakawa wamesema kweli.

Fosforasi-32 ina uzuri mmoja: haidumu. Kila baada ya siku 14 hivi nusu yake inakuwa imekwisha. Zinki-65 huchukua siku 244 kupungua nusu, na muda huo uliitosha kusafiri. Ilisafiri na mto zaidi ya kilomita 500 hadi baharini, ikaingia kwenye chaza wa ghuba ya Willapa, pwani ya Washington, ambao hukusanya zinki kwa wingi. Mashine za kupima mwili mzima zilipoanza kutumika, zinki hiyo ilionekana ndani ya watu waliokula chaza hao. Kinu kiko bara, mlaji yuko pwani, na njia iliyowaunganisha ni chakula.

Kwa nini maji baridi

Msomaji anaweza kuuliza: kama ni hivyo, si samaki wa baharini pia watakuwa hatarini? Wamo, lakini kwa kiasi kidogo kuliko samaki wa mito na maziwa, na sababu yake imo kwenye chumvi.

Chukua sesiamu-137, mojawapo ya masalia mabaya zaidi ya vinu vya nyuklia. Inapungua nusu kila baada ya miaka 30. Kikemia ni ndugu wa potasiamu, madini ambayo kila misuli ya kila mnyama inayahitaji. Lita moja ya maji ya bahari ina potasiamu karibu miligramu 400. Lita moja ya maji ya mto wa kawaida ina miligramu chache tu, pengine moja au mbili. Baharini, chembe ya sesiamu ni kama mtu mmoja katika umati wa Kariakoo: samaki anachukua potasiamu kutoka kwenye umati huo na uwezekano wa kuiokota sesiamu ni mdogo. Mtoni umati haupo, na kila chembe inayofanana na potasiamu inapokelewa kwa mikono miwili.

Zaidi ya hapo, maumbile ya samaki hao wawili yanatofautiana. Samaki wa baharini anaishi kwenye chumvi iliyozidi, kwa hiyo anakunywa maji na kuitoa chumvi nje muda wote. Samaki wa maji baridi anaishi kwenye upungufu. Maji yanamwingia mwilini bila kuyataka, naye anayatoa kwa mkojo mwingi, huku akiivuta chumvi ya mto kupitia matamvua na kuishikilia asiipoteze. Mmoja kazi yake ni kutapanya, mwingine ni kuweka akiba. Mwenye akiba akiletewa sesiamu anaiweka pia.

Haya yalionekana wazi baada ya ajali ya Chernobyl, Ukraine, tarehe 26 Aprili 1986. Sesiamu iliyonyesha juu ya maziwa na mabwawa ilipungua majini kwa kasi katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa ilijishika kwenye udongo na kuzama na mashapo. Aliyepima maji mwishoni mwa mwaka ule alikuwa na habari njema. Samaki wadogo wanaokula mimea na vijidudu nao walikuwa wamefika kileleni mwaka huo huo. Lakini samaki wakubwa wanaokula wenzao, mathalani paiki wa bwawa la Kyiv, waliendelea kupanda. Kilele chao kilikuja mwaka mmoja na miwili baadaye, 1987 na 1988, wakati ambapo maji yalikwisha kusahaulika.

Kilomita zaidi ya 200 kaskazini-mashariki mwa Chernobyl, katika mkoa wa Bryansk, Urusi, liko ziwa Kozhanovskoye. Ni ziwa la kina kifupi lililozungukwa na ardhi ya mboji. Udongo wa mfinyanzi huibana sesiamu isitoke, lakini mboji huishika kwa ulegevu na kuiachia maji kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Potasiamu ya ziwa lile nayo ni haba. Matokeo yake, zaidi ya miaka kumi baada ya ajali, samaki wake walikuwa bado na maelfu ya bekereli kwa kilo. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde na kutoa mionzi. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Jim Smith waliandika katika jarida la Nature kwamba uchafu ule haukuwa ukipungua kwa kasi iliyotarajiwa, na kwamba katika baadhi ya maeneo ya uliokuwa Umoja wa Kisovieti vizuizi vya kula samaki, uyoga na matunda ya porini vingehitajika kwa miaka 50 zaidi.

Japani nayo ilipata somo lake baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011. Katika ziwa Onuma, juu ya mlima Akagi, karibu kilomita 200 kutoka kwenye kinu, wako samaki wadogo waitwao wakasagi. Watu huwavua majira ya baridi kwa kutoboa barafu, wakawakaanga na kuwala wazima. Mwaka huo walipimwa wakakutwa wamevuka kiwango cha bekereli 500 kwa kilo kilichokuwa kimewekwa na serikali. Ziwa ni dogo na maji yake hubadilika polepole, hivyo sesiamu ilipoingia haikuwa na pa kwenda.

Mnofu na mfupa

Habari ya wakasagi inanirudisha jikoni kwetu. Mtazame dagaa mmoja mkavu wa Mwanza kwenye kiganja cha mkono. Ana kichwa, ana macho, ana matumbo, ana uti wa mgongo mwembamba kama uzi wenye viunzi vidogo pande zote. Mama atamwosha, atamkaanga, atamtia nyanya na kitunguu, na mtoto atamla mzima na ugali, asibakize hata mkia. Ndivyo inavyotakiwa, maana kalsiamu ya watoto wetu wengi imo kwenye mifupa ile. Kichwa cha sangara nacho hakitupwi. Kinachemshwa supu, na mifupa inafyonzwa hadi iwe mikavu.

Si kila kitu chenye mionzi hukaa kwenye mnofu. Sesiamu hukaa huko. Lakini strontiamu-90, inayopungua nusu kila baada ya miaka 29, na radiamu-226, inayohitaji miaka 1,600, zinafanana na kalsiamu, kwa hiyo huenda kwenye mifupa, magamba na makome. Poloniamu-210 hupenda ini na matumbo. Kwa wanaokula minofu peke yake, sehemu kubwa ya mzigo huo huishia kwenye takataka. Kwa sisi huishia tumboni.

Urusi ina ushuhuda mchungu wa strontiamu. Kati ya mwaka 1949 na 1956, kiwanda cha plutoniamu cha Mayak, kwenye milima ya Ural, kilimwaga taka za majimaji zenye mionzi kiasi cha mita za ujazo milioni 76 katika mto mdogo wa Techa. Wanakijiji waliyanywa maji yale, waliwanywesha ng'ombe wao, walivua samaki humo. Strontiamu ilijijenga ndani ya mifupa ya samaki na ndani ya mifupa na meno ya watu. Vijiji vingi vilihamishwa, na waliobaki kama wa Muslyumovo waliendelea kuishi na mto ule kwa miongo mingi.

Kuna jambo jingine la mezani. Baada ya Chernobyl, Sweden iliweka kiwango cha bekereli 300 kwa kilo kwa vyakula vingi, lakini mwaka 1987 ikaruhusu hadi 1,500 kwa samaki wa maziwani, nyama ya porini na uyoga. Hoja yao ilikuwa kwamba Msweden wa kawaida hula vitu hivyo mara chache. Hoja hiyo ina mantiki kule. Ukiihamishia kwa familia ya mvuvi inayokula samaki mchana na usiku, inaanguka. Kiwango cha usalama hufungamana na mlo wa watu, na mlo wetu tunaujua wenyewe.

Tusitishane bure

Niseme wazi ili asije mtu akaacha kula samaki kwa sababu ya makala haya. Mionzi ipo katika kila chakula tangu dunia iumbwe. Potasiamu ya kawaida ina sehemu ndogo ya potasiamu-40, na kwa sababu hiyo mwili wa mtu mzima una takriban bekereli 4,000 muda wote, hata kama hajawahi kukisogelea kinu. Samaki yeyote sokoni anayo. Maziwa yetu makuu hayakupatwa na janga la kinu, na perege wa leo ni chakula bora.

Tena, si kila kitu hupanda ngazi. Urani yenyewe hupanda kidogo sana: mimea ya majini na mashapo huishika, lakini ndani ya mnofu wa samaki huwa haba, na samaki mkubwa hazidi mdogo. Tatizo la mgodi wa urani liko kwa watoto wa urani. Ndani ya mwamba, urani imekuwa ikivunjika polepole kwa mamilioni ya miaka na kuzaa thoriamu-230, radiamu-226, risasi-210 na poloniamu-210. Kiwanda kinapousaga mwamba na kutoa urani, watoto hao hubaki nyuma kwenye topesumu, yaani masalia ya mwamba uliosagwa, yanayowekwa bwawani. Takriban asilimia 85 ya mionzi yote iliyokuwamo kwenye mwamba hubaki bwawani, imesagwa laini kama unga, tayari kubebwa na maji iwapo ukingo utapasuka au mvua itazidi kipimo. Na mabwawa ya namna hiyo yanatakiwa kukaa salama kwa muda mrefu kuliko umri wa taifa lolote lililopo.

Kutoka Magela hadi Mkuju

Kaskazini mwa Australia kulikuwa na mgodi wa urani uitwao Ranger. Ulichimbwa katikati ya eneo linalozungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Kakadu, kwenye ardhi ya jadi ya watu wa kabila la Mirarr, na uzalishaji wake ulikoma Januari 2021. Karibu yake unapita kijito cha Magela, na chini ya mgodi kuna kidimbwi kiitwacho Mudginberri ambako wenyeji huokota kome wa maji baridi na kuwala.

Kome hukaa mahali pamoja, huchuja maji mchana na usiku, na radiamu ikishaingia mwilini mwake haitoki kwa urahisi. Kome mzee ana radiamu nyingi kuliko kome mchanga, kwa hiyo kila mmoja ni kama daftari la miaka aliyoishi. Wanasayansi wa serikali walianza kuwapima kome wa Mudginberri tangu miaka ya mwanzo ya mgodi, kwa umri wao, na wakapima pia vyanzo vingine vya radiamu katika bonde. Mzozo ulipozuka kuhusu radiamu iliyomo ndani ya kome, walikuwa na uwezo wa kuonesha kuwa sehemu kubwa yake ilitokana na miamba ya asili. Jibu lilipatikana kwa sababu kazi ilifanywa mapema. Kama lingekuwa jibu baya, lingepatikana vilevile, na wenyeji wangejua kuacha kula.

Namtumbo hapana tofauti kubwa na hapo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe, ukaondolewa ukanda usiofika asilimia 1 ya pori lote ili kupisha mradi wa Mto Mkuju. Maji ya upande ule hutiririkia bonde la Rufiji. Huko mbele liko Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, ambalo kama mabwawa yote hupunguza kasi ya maji na kuyaacha mashapo yatue. Mbele zaidi yako mashamba ya mpunga, delta, mikoko na wavuvi wanaotazamana na Mafia. Watu wote hao wanakula samaki wa mto mmoja.

Sisemi mgodi usichimbwe. Nchi ina haki ya kutumia mali yake, na watu wa Ruvuma wana haki ya ajira na barabara. Ninachosema ni kwamba haitatosha kutuambia maji yamepimwa na yako salama. Ya Columbia yalipimwa. Ya bwawa la Kyiv yalipimwa. Maji yalikuwa na namba nzuri wakati samaki wana habari nyingine.

Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ina maabara na wataalamu, na imezoea kupima mionzi kwenye vyakula. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania inawajua samaki wetu. Chombo cha taifa cha kusimamia mazingira kina meno ya kisheria. Taasisi hizo tatu zikae meza moja na wavuvi wa bonde la Rufiji. Wapime utando wa mawe, yungiyungi na matete, kome, mashapo, perege na kambale. Wapime juu ya mgodi na chini yake, masika na kiangazi. Samaki mdogo apimwe mzima kama anavyoliwa, na mfupa wa samaki mkubwa upimwe mbali na mnofu. Wasichukue namba za mito ya baridi ya Ulaya wakatubandikia, maana kwenye maji ya joto samaki hula kwa kasi nyingine na hutoa kwa kasi nyingine.

Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe kwenye mbao za ofisi za vijiji, kijiji kwa kijiji, kila mwaka, yakiwa mazuri au mabaya. Mvuvi aelezwe bekereli ni nini kama anavyoelezwa kilo ni nini. Na madiwani na wabunge wa Ruvuma, Morogoro, Lindi na Pwani waziombe namba hizo bila kungoja tukio.

Zaidi ya yote, kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla mgodi haujaanza kazi kamili. Mto ukishachafuka, hakuna maabara duniani inayoweza kurudi nyuma na kuupima jinsi ulivyokuwa.